Jibu la Kefa

Matokeo ya jaribio la katikati ya mwaka yalibandikwa kwenye ubao nje ya bwalo, na Dorika Mughwai alilisoma jina lake mara mbili kabla ya kuamini. Kiswahili, vizuri. Siasa, wa kwanza chuo kizima. Hisabati, ameanguka. Tena hakuanguka kwa kujikwaa. Alianguka kama mtu aliyesukumwa kutoka juu ya jabali.

Chuo chao cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa Mandewa, na kila mwanachuo aliijua sheria yake. Ukishindwa somo moja katika mtihani wa mwisho, cheti hupati. Mwaka ule wa 1974 nchi ilikuwa na njaa ya walimu kama ilivyokuwa na njaa ya chakula, lakini Mkuu wa Chuo, Bwana Melkizedeki, hakulegeza kamba. "Mwalimu asiyejua kugawa," alikuwa akisema kwenye paredi ya asubuhi, "atafundisha kijiji kizima kutokujua kugawa."

Dorika alikuwa binti wa Issuna, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Wajomba zake walitaka aolewe alipomaliza shule, na ni baba yake aliyesimama kidete akawaambia wangoje. Kwa hiyo pale mbele ya ubao hakuwaza hisabati. Aliwaza sura ya baba yake akiwaambia wajomba kwamba binti amerudi mikono mitupu.

"Usilie hapa," sauti ilisema nyuma yake. "Utawafurahisha wasiokupenda."

Alikuwa Marietha, mwanachuo mwenzao aliyewazidi wote umri. Alikuwa amefundisha miaka kadhaa katika shule ya misheni bila cheti, na mtoto wake alimwacha kwa mama yake huko Ikungi. Somo la malezi alilijua kama anavyojua kusonga ugali. Sayansi ilikuwa inamsumbua.

"Dada Marietha, mimi hisabati siiwezi. Nimezaliwa hivyo."

"Hakuna aliyezaliwa hivyo. Yupo mtu hapa amepata hisabati yote na siasa ameanguka. Twende tukamtafute."

Mtu huyo alikuwa Kefa, Mnyiramba kutoka vijiji vya nyuma ya Iguguno, kijana mrefu mwenye maneno machache. Walimkuta kwenye shamba la chuo akipalilia alizeti zilizokuwa zimenyauka. Marietha alimweleza shauri lake pale pale: kila mmoja awafundishe wenzake somo analolimudu. Dorika achukue siasa na Kiingereza, Kefa hisabati na sayansi, yeye Marietha malezi na mbinu za kufundishia.

Kefa aliegemea mpini wa jembe akafikiri. "Sawa," alisema. "Ila mimi nauliza sana. Msichoke."

Kila jioni baada ya kazi za shamba walikaa nyuma ya jabali moja kubwa lililokinga upepo, wakiwa na kipande cha ubao na chaki. Upepo wa Singida hauna adabu. Ulipuliza vumbi kwenye chaki na chaki kwenye macho. Siku ya kwanza Dorika aliandika hesabu iliyomshinda: tatu gawanya kwa nusu.

"Najua unageuza hii sehemu, chini inakuja juu," alisema. "Lakini nikigeuza ninasahau nimegeuza ipi. Na jibu linakuwa kubwa kuliko namba niliyoanza nayo. Umegawa halafu unapata zaidi? Hapo ndipo kichwa kinagoma."

"Acha kugeuza," Kefa alisema. "Kwenu mnalima nini?"

"Uwele. Na mtama."

"Mama yako ana debe tatu za uwele. Ana kikapu kinachochukua nusu debe. Atajaza vikapu vingapi?"

"Sita."

"Umeshagawa kwa nusu."

Dorika alikitazama kile kipande cha ubao. Alikuwa amebebeshwa kanuni ile tangu shule ya kati, akiikariri kama sala ya lugha ngeni, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwonyesha kikapu. Alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Usianze na kanuni. Anza na kitu unachokiona, kanuni itakuja yenyewe."

Kiingereza kilikuwa kinyume chake. Hapo Kefa ndiye aliyekwama, maana alitaka kila neno lijieleze. Kwa nini kitendo cha jana kinabadilika umbo zima, na kingine hakibadiliki hata herufi? Dorika alimwambia hakuna kwa nini. "Kiimbe kama ulivyoimba ngoma za utotoni. Uliuliza maana?" Kefa aliuma meno akaimba, na taratibu alama zake zikapanda. Marietha naye aliwafundisha hatua za ukuaji wa mtoto kwa kuwasimulia mwanawe alivyokuwa akigawa karanga na wenzake, jinsi alivyoona karanga zilizotandazwa ni nyingi kuliko zilizorundikwa.

Siasa ilibaki mwisho.

"Swali la vijiji vya ujamaa halikosekani," Dorika aliwaambia. "Jibu lina mafiga matatu. Maji, shule, zahanati. Watu wakiishi pamoja, serikali inaweza kuwaletea maji, shule na zahanati. Kila figa aya yake, unamalizia na kujitegemea. Umefaulu."

"Maji yanatoka wapi?" Kefa aliuliza.

"Bombani."

"Bomba lipi?"

"Kefa, andika."

Marietha alicheka, na Kefa akaandika. Dorika hakuwa akiwafundisha uongo. Aliyaamini yale aliyoyasema. Kwao Issuna alikuwa ametembea mwendo mrefu kwenda shule, na mdogo wake alifariki kwa homa kabla hawajafika kwenye dawa. Kwake yeye mafiga yale matatu yalikuwa na sura za watu.

Mwezi wa nane wanachuo waligawanywa makundi, wakapelekwa vijijini kusaidia operesheni ya kuwahamisha wananchi. Kundi la Dorika na Kefa lilipakiwa kwenye lori hadi mahali mbele kidogo ya Iguguno, kwenye mbuga iliyofyekwa upya. Marietha alibaki chuoni kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Walipokaribia, Dorika alimwona Kefa akisimama ndani ya lori na kushika ubavu wa mbao.

"Ni wapi hapa?" alimwuliza.

"Ndipo walipoletwa watu wa kwetu," Kefa alisema. "Sikujua ni hapa. Hapa hata ng'ombe hatukuwaleta. Hapana maji."

Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba, vimenyooka vizuri, na kila kiwanja kina kigingi chake. Juu ya viwanja watu walikaa chini ya matawi yaliyoegemezwa pamoja, na vyombo vyao vimetandazwa kwenye vumbi: vinu, vyungu, kuku waliofungwa miguu. Shule ilikuwa kigingi chenye kibao. Zahanati ilikuwa kigingi kingine. Bomba lilikuwa limechorwa kwenye ramani aliyoikunja katibu wa kijiji, na mtu wa kulichimba alikuwa hajafika. Wanawake walitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga kwenye mto mkavu, wakarudi jua likiwa kali.

Wanachuo walipewa kazi ya kukata miti na kukandika kuta. Dorika alikandika mpaka mikono ikapasuka. Alijiambia kwamba kila jambo lina mwanzo, na mwanzo hauna sura nzuri. Mama yake Kefa aliwakaribisha kwa ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, akaomba radhi kwamba hakuna mlenda. Bibi yake Kefa, jina lake Raheli, alikuwa ameketi nyuma ya kibanda ameupa mgongo uwanja wote.

Asubuhi moja bibi hakuonekana. Mama Kefa alizunguka vibanda akiuliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na mgambo, kwa sababu waliotoroka kurudi mahame, kwenye makazi yao ya zamani, walikuwa wakifuatwa kwa fimbo.

"Najua alipo," Kefa alimwambia Dorika. "Tafadhali twende wote. Yule ni mama mtu mzima, huenda akahitaji msaada ambao mimi siwezi kumpa."

Walitembea mpaka jua likasimama. Nyumba ya kina Kefa ilikuwa tembe ndefu, na operesheni ilikuwa imeishusha paa ili watu wasirudi. Nguzo na boriti zilichukuliwa. Kuta zilibaki zimesimama wazi kwa jua. Ndani, bibi Raheli alikuwa anafagia. Alikuwa ameshafagia sebule yote, ameondoa udongo ulioporomoka na paa, na sakafu ilikuwa safi kama ya nyumba inayongoja wageni.

"Shikamoo, bibi," Dorika alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, upumzike."

Aliwapa maji kwenye kibuyu, maji baridi kutoka kisima kilichokuwa nyuma ya zizi. Dorika aliyanywa kwa aibu, maana yalikuwa matamu kuliko maji yote aliyokunywa tangu afike. Kisha bibi na mjukuu walizungumza Kinyiramba. Dorika alikuwa Mnyaturu, maneno mengine yalimpita, lakini mengi yalifanana na ya kwao.

Kefa alisema mgambo watakuja.

Bibi alisema waje.

Kefa alisema watamburuta.

Bibi aliacha kufagia, akamtazama. "Na wewe? Ni wa kwetu, au ni wa kwao?"

Kefa alichuchumaa mbele yake, akamgeuzia mgongo kama anavyofanya mtu anayetaka kubeba mtoto. Bibi alisimama vile vile na ufagio wake. Mwishowe Kefa aligeuka, akamshika, akamweka mgongoni kwa nguvu, na bibi hakupiga kelele wala hakumpiga. Aliuachia ufagio tu, ukaanguka. Dorika alichukua kibuyu akawafuata. Njia nzima bibi Raheli alitazama nyuma, shavu lake limelala begani kwa Kefa, na Kefa alikuwa analia kimya kimya bila kufuta uso kwa kuwa mikono yake ilikuwa imembeba.

Tangu siku hiyo hadi wanachuo walipoondoka, bibi hakumsemesha mjukuu wake. Alimsemesha Dorika, akamwuliza habari za kwao Issuna na kama mvua zilinyesha. Kefa akija, alinyamaza.

Chuoni masomo ya nyuma ya jabali yaliendelea. Kefa aliwaeleza sayansi na hisabati kwa uvumilivu ule ule, na Dorika alifikia hatua ya kutatua mafumbo ya asilimia bila kutetemeka. Ilipofika zamu ya siasa Kefa alifunga daftari.

"Mafiga nimeyashika," alisema. "Tusirudie."

Marietha alikuwa ameshasimuliwa yote. Alimtazama kwa macho ya mtu aliyelea. "Mdogo wangu, sikiliza. Yaliyo moyoni mwako yana mahali pake. Mtihani si mahali pa kutapikia. Pata cheti kwanza."

"Nimekusikia, dada."

"Kusikia si kukubali."

Kefa alitabasamu kidogo, akaendelea kufuta ubao.

Mtihani wa siasa ulikuwa wa mwisho. Swali lilikuja kama Dorika alivyotabiri: eleza faida za wananchi kuishi katika vijiji vya ujamaa. Kalamu yake ilikimbia. Aliandika shule, akaandika zahanati, na aliandika vizuri kwa sababu alimkumbuka mdogo wake. Alipofika kwenye maji aliinua kalamu. Aliiona ile sakafu iliyofagiwa, na jua likiwaka juu yake. Msimamizi alipita akikohoa. Dorika aliandika: wananchi wanapata maji safi ya bomba karibu na nyumba zao. Kisha akamalizia na kujitegemea.

Alimtupia jicho Kefa. Alikuwa ameinama, anaandika bila kuinua kichwa, na Dorika alifurahi. Alidhani mafiga yamekaa sawa.

Haukupita muda aliitwa ofisini. Bwana Melkizedeki alikuwa nyuma ya meza, na pembeni yake mkufunzi wa siasa, Bwana Paskali, ambaye kwa kawaida alikuwa mcheshi. Siku hiyo hakutazama mtu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Keti." Mkuu alikuwa na karatasi ya Kefa mbele yake. "Nimeambiwa ninyi mna kikundi. Mnakaa nyuma ya jabali kila jioni. Mnajadili nini?"

"Tunasoma, mwalimu. Kila mmoja anafundisha somo lake."

"Siasa anafundisha nani?"

"Mimi, mwalimu."

Mkuu alisoma kwa sauti. Kefa alikuwa ameandika kwamba faida za kijiji ni kubwa, na hakuna mtu mwenye akili anayekataa shule. Lakini kijiji alichokiona kimeanza kwa kuvunja nyumba zenye kisima na kuwapeleka watu pasipo na kisima. Aliandika kwamba hesabu hupangwa kwa utaratibu, ukikosea hatua ya kwanza, jibu la mwisho haliwezi kuwa sahihi. Maji yatangulie, watu wafuate. Akaongeza kuwa bibi kizee mmoja alibebwa kwa nguvu, na kwamba aliyembeba ni yeye.

"Ulimfundisha hivi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema Kefa alikuwa mkaidi siku zote, na isingekuwa uongo mtupu. Aliwaona wajomba zake. Alimwona baba yake.

"Hapana, mwalimu. Nilimfundisha maji, shule na zahanati. Anayajua yote. Hayo mengine aliyaona."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliyaona?"

Bwana Paskali aliinua uso kwa mara ya kwanza, na Dorika aliona kwamba anamsihi kwa macho aseme hapana.

"Niliyaona, mwalimu."

"Mbona wewe hukuandika?"

Dorika alitafuta jibu na halikuwa refu. "Niliogopa."

Nje wanachuo walikuwa wanaimba wakirudi shamba. Bwana Melkizedeki aliikunja karatasi ile mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni mwa koti lake badala ya kuirudisha kwenye jalada.

"Kuna watu wilayani wangependa kuisoma," alisema. "Wakiisoma, kijana huyu hatafika kwao. Kwa hiyo mimi nimempa sifuri. Sifuri ni kosa la mwanafunzi, halina maswali. Atarudia mtihani mwakani." Kisha akasema kama anayejisemea, "Mimi pia nina mama mzee kijijini." Halafu sauti yake ikarudi ya ukuu. "Na kikundi chenu kimekufa leo. Nenda."

Dorika alimkuta Kefa bwenini kwa wavulana, mlangoni, anafunga matandiko yake kwa kamba ya katani, maana alikuwa ameshaambiwa habari ya sifuri. Marietha alikuwa amekaa kwenye ngazi, anamfokea huku anamshonea shati lililochanika.

"Nilikwambia! Sikukwambia? Mtu mwenye akili zote hizo za hisabati, hajui kujumlisha moja na moja!"

"Ulinambia, dada."

"Nawe uliona raha gani?"

"Sikuona raha," Kefa alisema. "Niliposhika kalamu niliona siwezi kuandika kitu kingine. Nilijaribu. Niliandika neno maji, nikakaa."

Dorika alimwambia yaliyotokea ofisini, yote, hata lile neno la mwisho alilojibu. Alitaka Kefa amkasirikie. Ingekuwa nafuu.

"Uliulizwa faida, ukataja faida," Kefa alisema. "Ulijibu swali. Usijitese."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililomuuma Dorika kuliko tusi.

Matokeo yalipotoka, Dorika alikuwa amefaulu masomo yote, na hisabati alipata alama ambazo baba yake aliwasomea wajomba mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya zizi. Marietha alifaulu sayansi kwa kujikongoja, akaenda kumchukua mtoto wake. Dorika alipangiwa shule ya kijiji kipya huko Iramba, darasa la kwanza, watoto wamejaa hadi dirishani. Aliwafundisha kugawa kwa kutumia vikapu na uwele. Kijiji hicho kilikuwa na bahati, kisima kilichimbwa mapema, na siku ya kwanza maji yalipotoka alisimama kwenye foleni pamoja na wanawake wengine, ana ndoo yake kichwani, na hakujua afurahi au aone haya.

Bibi Raheli alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Habari zilimfikia Dorika kupitia kwa mfanyabiashara wa chumvi. Aliuliza kama alizungumza na mjukuu wake kabla ya kufa. Yule mtu hakujua.

Kefa alirudia mtihani mwakani, akafaulu, akapelekwa kufundisha hisabati mbali, upande wa Manyoni. Walikutana mara moja kwenye semina ya walimu mjini Singida. Alikuwa amekonda na ana mvi chache ambazo umri wake haukuzistahili. Walikunywa chai, wakaulizana habari za Marietha na za wanafunzi wao, wakacheka juu ya Kiingereza chake. Dorika alitaka kumwuliza aliandika nini safari ile ya pili, alipoletewa swali la vijiji. Swali lilifika mdomoni. Kefa alikuwa anakoroga chai yake ingawa sukari ilishayeyuka, macho yake yako kwenye kikombe.

"Kwenu mvua zimenyesha?" Dorika aliuliza.

"Kidogo," Kefa alisema. "Si haba."

Wakamaliza chai, wakarudi ndani ya semina.